Mwili na Meza: Mjadala wa Eldoret juu ya Imani na Ulaji

Mji wa Eldoret, ambao katika ramani za walowezi ulikuwa shamba nambari 64, na ambao tarehe 15 Agosti 2024 ulitunukiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya, umejaliwa neema mbili ambazo si kila mji huzipata kwa pamoja: wingi wa chakula na wingi wa makanisa. Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo Eldoret ndiyo makao yake makuu, husifiwa kuwa ghala la mahindi la nchi. Maziwa huingia mjini kila alfajiri kutoka Moiben, Kesses na Ainabkoi. Viazi, kabeji na sukuma wiki hurundikwa kando ya barabara hata mpita njia akakosa pa kukanyaga. Na siku ya Jumamosi kwa Wasabato, kisha Jumapili kwa wengineo, nyimbo husikika kutoka Langas hadi Kapsoya, katika makanisa ya mawe na katika mahema ya turubai. Mwenye kutazama kwa mbali angedhani kwamba penye shibe na ibada siha nayo ingekuwa mwenyeji. Lakini akikaribia kliniki za kisukari na za shinikizo la damu katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, atakuta kwamba wanaongoja zamu zao ni watu wa shibe hiyo na wa ibada hiyo, wengine wakiwa na Biblia mkobani pamoja na kadi ya kliniki.

Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ambayo husemwa barazani baada ya ibada, husemwa katika matatu, na husemwa kwa ukali zaidi nyumbani kwa mfiwa wakati sahani zinapokusanywa: je, kula kwa kiasi na kwa kuchagua ni faradhi ya imani ya Mkristo, au ni shauri la tabibu na mgonjwa wake, ambalo kanisa likijitia ndani yake litakuwa limerudisha kongwa la sheria katika shingo za watu waliokwisha kuwekwa huru? Mwandishi wa makala haya amezikusanya sauti zinazosikika katika hoja hiyo, akaziketisha pamoja, akaipa kila moja jina la kazi yake. Msomaji asimtafute mtu fulani nyuma ya jina. Sauti hizi ni za wengi, na huenda moja ikawa yake.

MWALIMU, Msabato: Waheshimiwa, sitaanza na daktari, maana daktari huja nyuma ya maradhi, nitaanza na kitabu cha Mwanzo, ambamo kabla hapajakuwa na sheria, hekalu wala kuhani, Muumba alimwonyesha mwanadamu chakula chake, na chakula hicho kilikuwa mbegu na matunda. Nyama ilikuja baada ya gharika, nayo ilikuja kwa ruhusa, si kwa amri. Tazameni tena vijana wanne wa Kiyahudi katika jumba la mfalme wa Babeli, jinsi Danieli alivyoomba kwa upole wajaribiwe siku kumi kwa nafaka na maji, na siku hizo zilipotimia nyuso zao zikawa njema kuliko za wale waliokula vyakula vya mfalme. Kisha sikilizeni Paulo akiwauliza Wakorintho kama hawakujua kwamba miili yao ni hekalu la Roho, na kwamba wao si mali yao wenyewe. Mtu akikabidhiwa nyumba ya mwingine hana ruhusa ya kuibomoa, japo aibomoe polepole, kwa kijiko.

Wala sisi hatukuliokota jambo hili njiani. Ilikuwa mwaka 1863, katika jimbo la Michigan huko Marekani, Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, alipoeleza njozi yake juu ya siha. Na wamisionari wetu walipofika Gendia, karibu na Ghuba ya Kendu, mwaka 1906, walileta mafundisho hayo pamoja na Injili. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki cha Baraton, kilichoanzishwa mwaka 1980 katika nchi ya Nandi, si mbali na hapa, huwalisha wanafunzi wake pasipo nyama, nao husoma, hucheza na kuhitimu kama wenzao. Na kama mwataka ushahidi wa watu wasio na haja na dini yetu, wataalamu waliowafuatia Wasabato wa California kwa miaka mingi walikuta kwamba wanaume wao huishi zaidi ya miaka 7 kuliko wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake zaidi ya miaka 4. Sisemi kwamba mboga huokoa roho. Nasema kwamba aliyeokolewa hana udhuru wa kuudharau mwili.

MZEE WA KANISA, mkulima wa mahindi: Mwalimu, umesema vyema, nami sina ugomvi na maharagwe. Ugomvi wangu ni na yale yanayokuja nyuma ya maharagwe. Petro alipokuwa darini huko Yafa, na njaa imemshika, alionyeshwa shuka lililojaa wanyama wa kila namna, akaambiwa achinje, ale. Naye alipokataa kwa sababu ya usafi wake, akakemewa. Bwana mwenyewe alisema kwamba kimtiacho mtu unajisi ni kile kinachotoka moyoni, si kile kinachoingia tumboni. Na Paulo huyohuyo unayemtaja aliwaandikia Warumi kwamba mwenye kula asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu mwenye kula, kisha akamwonya Timotheo juu ya walimu watakaokuja kuwakataza watu vyakula. Tena Bwana alipotaka kutupa sura ya furaha ya mbinguni, alisimulia habari za baba aliyemchinjia mwanawe ndama aliyenona. Sijasoma popote kwamba baba yule alikata kabeji.

Nami nina khofu nyingine, ya nyumbani. Kwetu sisi Wakalenjin maziwa si kinywaji tu. Kibuyu, yaani sotet, husafishwa, kikapakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yakatiwa na kukaa siku kadhaa mpaka yakawa mursik. Kwa mursik humpokea bingwa wetu anaposhuka kwenye uwanja wa ndege, na kwa mursik hutia muhuri posa za watoto wetu. Wamisionari wa kwanza walituambia tuache mengi, tukayaacha. Mengine tulifanya vyema kuyaacha, na mengine tumekuja kuyajutia. Leo akija mhubiri wa mlo akaniambia kwamba kibuyu cha mama yangu nacho ni dhambi, nitamuuliza ni ndugu gani aliyempa Injili hiyo ya pili.

Hapa mwandishi ajiruhusu neno. Watu wawili hawa, kila mmoja akiwa na aya zake mkononi, wanaweza kubishana hivi hadi mahindi yavunwe, na makanisa yamefanya hivyo kwa karne nyingi. Maandiko yana ndama na yana nafaka, yana karamu ya vinono katika Isaya na yana kufunga kwa Danieli, na hakuna upande ambao hautapata cha kusimamia. Ingekuwa mjadala ni wao wawili tu, tungeufunga mapema. Lakini palikuwa na mtu wa tatu.

MUUGUZI: Baba zangu, nimewasikiliza kwa adabu, wala sitawashinda kwa aya. Ila wanaokuja kwangu hawaji na kitabu cha Walawi. Huja na miguu iliyovimba na macho yenye ukungu. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015, uliopima watu katika nchi nzima, ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika wanne ana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya tisa katika kumi hawali matunda na mboga kwa kiasi kinachoshauriwa. Wengi hawajui hali yao mpaka siku waangukapo.

Niruhusuni niseme juu ya kitu kidogo ambacho hakimo katika orodha yoyote ya halali na haramu, nacho ni moto wa chai. Nyanda hizi za Bonde la Ufa na za magharibi zinaongoza nchini kwa saratani ya umio, yaani njia ile ya kupitishia chakula, nayo haiwasubiri wazee. Nimewapokea vijana ambao hawajatimiza miaka 30 wakishindwa kumeza uji. Sababu zake hazijapatikana zote. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikaleta ugonjwa huo. Hapa Eldoret tumekaa juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, hata maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Lakini kutoka 93 hadi 65 ni mwendo, na mwendo huo hatuusubiri: chai ikipungua moto twairudisha jikoni. Tena, Mzee, kwa kuwa umeutaja mursik, wataalamu wameupima wakakuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali ileile itokanayo na pombe. Haijathibitika kwamba hiyo ndiyo inayotuua, wala sikuambii uvunje kibuyu cha mama yako. Nakuomba tu usikifanye kibuyu kuwa kitu kisichoulizwa.

La pili ni mifungo ya Januari. Makanisa mengi mjini huanza mwaka kwa kufunga siku 21, nami sipingi kufunga, maana Bwana alifunga. Lakini huja kwangu mama mwenye kisukari, ambaye amejidunga sindano ya insulini asubuhi kama alivyozoea kisha akakaa bila kutia kitu kinywani mpaka magharibi, akaletwa mikononi mwa wanawe hajitambui. Nikimuuliza kama alimwarifu mchungaji wake kwamba ana maradhi, hunijibu kwamba aliona haya, asije akadhaniwa hana imani.

Na la tatu ni swali kwako, Mzee. Siku mnapowatembelea waumini, mkaingia nyumba tano kabla jua halijachwa, mwanywa vikombe vingapi vya chai?

MZEE WA KANISA: Vitano, na pengine sita, kwa sababu nyumba moja huwa na mama mkwe. Na kila kikombe kina mandazi yake. Wajua vema, binti yangu, kwamba haiwezekani kukataa. Ukikataa chai ya mjane atalala akijiuliza alikukosea nini.

MUUGUZI: Nawe una kisukari.

MZEE WA KANISA: Nami nina kisukari. Sasa niambie nimtii nani, tabibu au mjane?

Swali hilo lilikaa pale muda mrefu bila ya mtu wa kulijibu. Kabla hatujaendelea, yafaa kuiondoa njiani hoja moja ya vijana, ambayo haikosi kutajwa katika mji unaozungukwa na Iten na Kaptagat: kwamba wakimbiaji wetu, akiwamo Eliud Kipchoge aliyemaliza kilomita 42 kwa muda usiotimia saa mbili huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, wamelelewa kwa ugali na chai yenye sukari, nao wameishinda dunia. Ni kweli, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 juu ya mlo wa wakimbiaji mashuhuri wa Kenya ulikuta kwamba sehemu kama moja ya tano ya nguvu waliyoipata chakulani ilitoka katika sukari. Lakini watu wale hukimbia alfajiri kilomita ambazo mzee wa kanisa hazimalizi kwa wiki nzima akiwa garini, na sehemu kubwa ya mlo wao ni nafaka na mboga, nyama ikiwa kidogo. Anayewatolea mfano huwatazama kikombeni, asiwatazame miguuni.

MCHUNGAJI: Nimekaa kimya kwa sababu jambo hili hunipata pabaya. Nikipanda mimbari kuhubiri juu ya ulafi, waumini hunitazama tumbo. Na wengine, Mungu anisamehe, hulitazama kwa kuridhika, maana kwao unene wa mchungaji ni dalili ya baraka ya kanisa, na mchungaji aliyekonda huwatia mashaka kwamba sadaka zao haziliwi vyema. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni hili: nimemzika mama mmoja aliyekufa kwa saratani hiyo ya umio, mama ambaye hakuonja pombe wala tumbaku maisha yake yote. Mwalimu, ukisimama siku hiyo mbele ya watoto wake ukasema kwamba mwili ni hekalu, watauliza ni dhambi gani iliyoliangusha hekalu la mama yao. Wanafunzi walimuuliza Bwana swali hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, naye akalikataa swali lenyewe. Nachelea kwamba mahubiri ya siha yatakuwa mlango wa nyuma wa kuwalaumu wagonjwa.

MUUGUZI: Khofu yako ni ya haki, Mchungaji, nami nimeona wagonjwa waliokwisha kuhukumiwa na ndugu zao kabla ya kufika kwa daktari. Lakini sababu ni kitu kimoja na hatia ni kitu kingine. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Walafi walikuwa wapi hapo? Walikula ugali wao wa kila siku, pengine baada ya kuushukuru. Na mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi madukani kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Ikiwa pana dhambi katika unga, basi iko mbali sana na kinywa cha mlaji.

MZEE WA KANISA: Neno hilo nalipokea, ingawa lanichoma. Mahindi hutakiwa yakaushwe hadi unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Lakini mavuno yetu huja Oktoba na Novemba, na mvua za miaka hii haziheshimu kalenda. Mashine ya kukausha ina foleni na ina gharama, nayo karo ya Januari haingoji. Na mchuuzi husimama na lori shambani akiwa tayari kuyanunua hivyo hivyo mabichi. Nimewahi kuyauza mabichi. Nilitoa fungu la kumi la fedha zile, wala sikuulizwa kanisani kama mahindi yale yalikuwa makavu.

Hapo Mwalimu alitaka kusema, lakini alitanguliwa na mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, kitambaa cha mkono begani, ambaye hakualikwa kuketi kwa kuwa alikuwa akingoja vikombe.

MAMA MPISHI: Nimepika katika jiko la kanisa hili miaka mingi, harusi, matanga, semina na harambee, wala sijapata kuulizwa neno katika mambo haya, kwa hiyo leo nitasema yote kwa mara moja.

Mwalimu anasifu maharagwe na githeri. Vitu hivyo ni vyema, tena mbegu zake ni za bei nafuu. Lakini Muuguzi amekwisha kuwaambia kwamba maji yetu huchemka mapema huku juu, nami nawaambia maana yake jikoni: maharagwe ya mlimani hayaivi upesi. Huinjika kabla ya alfajiri, nikachochea mpaka saa nne, na makaa yanayoteketea hapo yanashinda bei ya maharagwe yenyewe. Mchele na viazi huiva kwa robo ya muda huo. Kamati ikinipa gunia moja la makaa kwa watu mia tatu, imekwisha kunichagulia mlo, hata kama haikutaja jina la chakula. Anayetaka watu wa Mungu wale nafaka kama Danieli na alete kuni.

Mboga za kienyeji nazipenda kuliko ninyi. Managu, sageti, kunde na mrenda nimelelewa nazo. Lakini kuchambua managu ya watu mia tatu ni kazi ya mikono ya wanawake kumi tangu Ijumaa jioni, ilhali kabeji hukatwa na wawili. Mnaposema kanisa lirudie mboga za bibi zetu, semeni na nani atakayekaa chini kuchambua. Kama vijana wa kwaya watakaa, nitapika kesho.

Sasa nije kwenye chai, ambayo Muuguzi aliitaja moto wake akaacha sukari yake. Chai ya mikutano hutiwa sukari jikoni, ndani ya sufuria, kabla haijamiminwa katika birika. Si kwamba sisi hatujui kuwa wako wenye kisukari. Twawajua kwa majina. Sababu ni kwamba sukari ikiwekwa mezani huisha kabla birika halijafika safu ya tatu, maana wako watiao vijiko vitano, na watoto huila kwa mkono. Basi kwa kuokoa kilo mbili za sukari tumemnyima mgonjwa hiari yake. Hupewa kikombe kilichokwisha kuamuliwa. Akinywa ajidhuru, akikataa aonekane mwenye majivuno. Mzee aliuliza amtii nani, tabibu au mjane. Mimi namjibu kwamba hiyo si kazi yake. Ni kazi ya mwenye kupika kutomweka mgeni katika mtihani huo, na ni kazi ya mwenye kununua kumwezesha mpishi.

Na kuna la mwisho, nalo ni zito, Mchungaji, unisamehe. Siku ya harambee huwa napika mapishi mawili. Katika hema la waheshimiwa huenda kuku, maji ya chupa, matunda yaliyokatwa na kufunikwa. Kwa watu wengine huenda wali na mchuzi wa viazi, na soda kwa watoto wakibahatika. Matunda yapo, basi, na maji safi yapo. Ila hula yule ambaye ana matunda nyumbani kwake. Nilisikia ukitusomea waraka kwa Wakorintho siku ya Meza ya Bwana, mahali pale Paulo anapowakasirikia kwa kuwa katika karamu yao mmoja ana njaa na mwingine amelewa, akasema kwamba kwa ajili hiyo wengi miongoni mwao ni dhaifu na wagonjwa. Nilikuwa nimebeba trei, nikasimama. Nikadhani umeona jiko langu.

Hakuna aliyemjibu mara moja. Mchungaji alisema baadaye kwamba fungu hilo amelisoma kila mwezi tangu alipowekewa mikono, na kwamba aghalabu amelifundisha kuwa onyo kwa wenye dhambi za siri wasije wakashiriki. Mwalimu akakiri kwamba katika ubishi wao wote juu ya sura ya sita ya waraka ule hakuna aliyefika sura ya kumi na moja. Na Mzee akavuta kiti akampa Mama Mpishi, jambo ambalo kwa desturi ya mahali pale halikuwa dogo.

Kwa kuwa mwandishi ndiye aliyewaketisha, yampasa naye atoe hukumu yake. Mwalimu ana haki katika kuutukuza mwili, na Mzee ana haki katika kuulinda uhuru. Lakini wote wawili walikuwa wakiuliza swali moja lililopinda, yaani nini kiingie katika kinywa changu ili nami nihesabiwe kuwa mwema. Swali hilo lina tabia ya kuzaa wenye kiburi upande mmoja na wenye inda upande wa pili. Ulaji wa siha, kwa imani ya Kikristo, hauwezi kuanza na usafi wa mlaji, kwa sababu mlaji wa Eldoret aghalabu hachagui: huchaguliwa na bei ya makaa, na unyevu wa gunia, na kamati ya mapokezi, na mkono wa aliyetia sukari. Huanza na kile tunachokiweka mbele ya mwenzetu. Bwana alipomwinua binti Yairo neno lililofuata lilikuwa kwamba apewe chakula, na Yakobo hakumstahi mtu amwambiaye mwenye njaa ashibe huku hampi kitu. Anayehubiri mboga kwa mama asiye na kuni amefanya jambo lilelile kwa maneno ya kisasa.

Wala hili si ndoto. Katika mji huuhuu, mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ili kuwatibu wenye virusi vya ukimwi, uligundua mapema kwamba dawa katika tumbo tupu ni dawa nusu. Matabibu wake wakaingia katika kilimo, wakalima mboga, wakawagawia wagonjwa chakula pamoja na vidonge. Walianza kwa kulisha, ushauri ukafuata. Ikiwa hospitali iliweza kushika jembe, kanisa lenye uwanja, kisima na vijana mia wanaokaa bure Jumamosi alasiri halina la kusingizia.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wa mji huu, wa madhehebu yote, nawaombeni mambo machache yasiyohitaji sinodi. Chai imiminwe mapema, ikae kidogo kabla ya kugawiwa. Maji safi yawe mezani kwa kila mtu, na matunda yaliyokuwa ya hema moja yagawiwe kwa yote. Mchungaji atangazapo mfungo, atangaze mimbarini, kwa sauti ileile, kwamba mwenye kutumia dawa ya kisukari ana ruhusa ya Mungu na ya kanisa kula, na kwanza amwone daktari. Fungu la kumi la mahindi lipokewe kwa swali moja juu ya ukavu wake. Na kamati itakapokutana kupanga karamu ijayo, mpishi aalikwe aketi nayo tangu mwanzo, asomewe hesabu kabla haijapitishwa, naye apewe kuni za kutosha na kilo mbili za sukari zaidi, ili sukari ikae mezani na kila mtu ajitilie mwenyewe.